Pudingi Isiyoliwa

Wanasema hasira hasara. Mimi hasira ya mwaka ule ilinigharimu jino moja tu, gego la kushoto, na sijuti. Nikimkumbuka Graham Lumb ameketi mezani kwa mama yake siku ya Krismasi, taji jekundu la karatasi kichwani kama wavaavyo huku sikukuu hiyo, akimjadili mwanamke aliyemzaa kama anayejadili kabati kuukuu lisilopita mlangoni, damu inanichemka mpaka leo. Kwa hiyo usitegemee nikusimulie kwa upole.

Mama yake ni Enid, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nyumba zetu za mawe zimeshikana kuteremka kilima chote mpaka kwenye kiwanda cha mazulia, ambacho siku hizi kimegeuzwa duka la sofa. Marehemu mume wangu Arnold aliponileta hapa Yorkshire kutoka Tanga, mtaa mzima ulinichungulia nyuma ya mapazia. Enid peke yake ndiye aliyegonga mlango, aproni kiunoni, akasema, "Wewe ndiye mke wa Arnold? Njoo unisaidie kukoroga, mkono umenichoka." Nikaenda, hata sijui nakwenda kukoroga nini. Ilikuwa pudingi ya Krismasi, keki nzito nyeusi ya zabibu, na tangu siku hiyo sijakosa kuikoroga.

Enid alifuma mazulia tangu alipotoka shule mpaka kiwanda kilipofungwa. Vidole vimempinda kwa kazi ile, na sauti yake ni nzito, ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Hatupi kitu. Mkate mkavu kwake ni chakula cha kesho, mifupa ya batamzinga ni supu, na karatasi za zawadi huzinyoosha kwa pasi azitumie tena mwaka ujao. Pudingi ikibaki baada ya sikukuu, huivuruga, akaichanganya na chokoleti, akaviringa vitonge na kugawa mtaa mzima: mleta barua, muuza maziwa, padri, hata yule mzee wa nyumba ya pembeni aliyemnunia tangu mashindano ya maboga.

Pudingi yenyewe ina sheria. Hupikwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, na kila mtu wa nyumba sharti aikoroge, mwiko ukitoka mashariki kwenda magharibi, huku akinuia jambo lake moyoni. Ndani hutiwa sarafu ya fedha ya peni sita, ya zamani, isiyopokelewa tena dukani. Hayo yanafanyika nyumba nyingi huku. Lakini nyumba ya akina Lumb ilikuwa na sheria yake ya ziada, aliyoitunga Stanley, mumewe Enid, kwa kuwa watoto walikuwa hawaishi kupigana mezani. Atakayeikuta sarafu, siku hiyo neno lake halipingwi mpaka jua lizame. Asilipinge baba, asilipinge mama, asilipinge mgeni. Mpishi tu ndiye asiye na ruhusa ya kuipata. "Mpishi hashindani," Stanley alikuwa akisema, na Enid alikuwa akicheka tu.

Sarafu hiyo iliwahi kuokoa mbwa. Graham alipokuwa mtoto, Stanley aliamua kumuuza mbwa wao wa mbio, jike mwembamba aitwaye Bess, kwa kuwa alikuwa hashindi mbio yoyote na anakula kama farasi. Krismasi ile Graham akaiuma sarafu. Akapanda juu ya kiti, akasema, "Bess hauzwi." Stanley akawa mwekundu uso mzima, lakini sheria ameitunga mwenyewe, angefanya nini? Bess alikufa kwa uzee, juu ya kizulia cha jikoni. Graham hajaacha kukisimulia kisa hicho. Alikisimulia kwenye harusi yake, na mazishini kwa baba yake alikisimulia pia. Ameishi akiamini kwamba yeye ni mtu aliyezaliwa na bahati.

Sasa, mwaka ninaousema, Oktoba, Enid aliteleza kwenye ngazi za ndani. Hakuvunjika kitu. Alipata alama nyeusi pajani, akaja kunionyesha huku akicheka. Lakini Graham, ambaye anaishi kusini na miaka yote mama yake alikuwa mbali mno kutembelewa, aliposikia habari ya ngazi akashikwa na mapenzi ya ghafla. Kila jioni simu. Nyumba iuzwe, mama ahamie nyumba ya wazee karibu na kwake, huko kusini, ambako Enid hamjui hata paka. Enid akasema hapana. Graham akasema, "Umechoka, mama. Tutaongea kesho." Kesho yake akasema hapana tena, akaambiwa amechoka tena. Enid simu huiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio yaliyoharibiwa na mashine, na ukuta wetu ni mmoja. Nilisikia yote, nikawa natafuna ulimi wangu.

Jumapili ya kukoroga hakuja mtoto hata mmoja. Graham alisema barabara zimejaa. Lorraine, mdogo wake, anakaa mji wa pili tu, basi moja, akasema ana mafua. Lorraine si mbaya. Ni mtu wa kukubali tu. Ukimwambia mvua hainyeshi, atakunja mwavuli alowe. Tukakoroga wawili, mimi na Enid, kwa mwiko ule ule wenye ncha iliyoungua.

Kisha, kama kila mwaka, akatengeneza kijipudingi changu kwenye bakuli dogo: hakina brandi wala bia nyeusi, ila chai ya rangi iliyokolea na maji ya machungwa, na mafuta ya mimea mahali pa shahamu ya ng'ombe. "Hii ya Hawa," akasema, akaifunga kitambaa kwa uzi wa kijani isije ikachanganyika na nyingine. Mimi ni Mwislamu, naye hajanikosea kwa hilo hata mara moja. Wapo wa dini yangu walionikosea, Enid bado.

"Umenuia nini, Bi Enid?" nikamuuliza.

"Ukisema hakitimii."

"Basi mimi nasema changu. Nimenuia Graham aote jipu."

"Hawa! Mtoto wangu huyo!" Akakoroga kidogo. "Pahala gani?"

"Pa kukalia."

Akacheka mpaka akavuta kiti. Halafu akawa anaangalia zabibu zikizama kwenye kinyunga, na mimi nikajua alichonuia bila kuambiwa.

Siku ya Krismasi nilifika baada ya chakula, wakati wa pudingi, kama ilivyo ada yetu tangu Arnold afariki. Walikuwapo wote: Graham, mkewe Philippa, na Lorraine, kila mmoja na taji lake la karatasi. Enid akazima taa. Akaingia na pudingi kwenye sahani kubwa, nyeusi, inang'aa, ameimwagia brandi na kuiwasha, moto wa buluu unaizunguka. Kwa kawaida hapo watu hupiga makofi. Nilipiga mimi peke yangu.

"Jamani, hatuwezi!" akasema Philippa. "Tumeshiba hoi. Na isitoshe nimeleta keki ya limau, nyepesi kabisa. Weka tu hapo, mama."

Moto ukafa wenyewe mezani, Philippa akiwa anakata keki yake. Lorraine akachukua kipande cha limau bila kuinua macho. Mimi nikala kijipudingi changu, nikakila kwa makusudi, kwa kelele, kijiko kikigonga bakuli, mpaka Philippa akanitazama.

"Hata sarafu hamuitafuti?" Enid akauliza. Aliuliza taratibu sana.

Graham akacheka. "Mama, sarafu ni mambo ya watoto." Maneno hayo aliyasema yeye, mwenye Bess! Kisha akajipangusa mdomo. "Sawa, kwa kuwa tupo wote. Dalali wa nyumba atakuja siku ya Mwaka Mpya asubuhi kupima vyumba. Ni rafiki yangu, amekubali kuja sikukuu. Mama atatia saini tu, mengine tutayamaliza sisi. Akikaa humu atavunjika shingo."

"Nimesema hapana," akasema Enid.

"Maskini, amesimama jikoni tangu alfajiri," Philippa akamwambia Lorraine, kana kwamba Enid yuko chumba kingine. "Angejilaza kidogo."

"Amesema hapana," nikasema mimi. "Au na nyinyi masikio yaliharibiwa na mashine?"

Graham akanigeukia na lile taji lake. "Bi Hawa, tunakuheshimu sana. Lakini haya ni mambo ya familia."

Kwetu tungesema ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Nikamwachia. Mbele ya mama mtu, kwenye meza yake, ningesema nini zaidi? Nikaondoka na hasira yangu, na usiku ule sikula. Pudingi ilibaki mezani nzima, mviringo wake haujaguswa, kama siku ilipotoka kwenye kitambaa.

Siku chache baadaye nikasikia ukuta unagongwa kwa mpini wa mwiko. Ndiyo ishara yetu. Graham na mkewe walikuwa kwa Lorraine, wakisubiri Mwaka Mpya, na Enid alikuwa peke yake. Nikamkuta jikoni mikono imezama kwenye pudingi mpaka vifundoni.

Nimemjua mwanamke yule miaka mingi, nimemwona akizika mume, lakini sijawahi kumwona amekasirika. Siku hiyo nilimwona. Alikuwa haivurugi pudingi, alikuwa anaipiga. Anainyofoa bonge kwa bonge, anaiponda kwa ngumi, zabibu zinaruka sakafuni.

"Nyepesi!" akasema. "Ameleta keki nyepesi! Mimi nimeipika hii kwa mvuke kutwa nzima, naongeza maji, naongeza maji, sikai. Mwaka jana hivyo hivyo, mwaka juzi hivyo hivyo. Na mimi ni wa kulazwa, eti! 'Angejilaza kidogo!' Nilee watoto wawili na kiwanda juu, kisha nijilaze!"

"Piga, Bi Enid. Hapo pana Philippa, piga."

"Nimeshapita kwa Philippa. Hapa nipo kwa Graham."

Mimi nikashika chokoleti. Nikaivunja vipande kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, nikaikoroga mpaka ikalegea na kung'aa. Enid akaimimina juu ya pudingi iliyopondwa, akatia kijiko cha brandi, akaanza kuchanganya kwa mkono. Harufu ya karafuu, kungumanga na ganda la chungwa ikajaa jikoni, na kwa muda kidogo tukasahau. Halafu mkono wake ukasimama. Akatoa kitu, akakifuta kwenye aproni, akakiinua dirishani. Ilikuwa ile sarafu.

"Peni sita," akasema. "Safari hii hakuna aliyeitaka."

"Si uichukue wewe sasa? Hapa pana nani wa kukuona?"

"Mpishi hashindani, Hawa." Akaitumbukiza mfuko wa aproni, akaendelea na kazi.

Kwa kuwa pudingi ilibaki nzima, vitonge vilikuwa vingi kuliko mwaka wowote. Tuliviacha kwenye friji vikashika, tukaviringa viganjani tukiwa tumejipaka kakao, kisha kila kimoja kichwani tone la chokoleti nyeupe, na juu yake kipande cha cheri nyekundu na majani mawili ya kijani yaliyokatwa kwenye tunda lililokaushwa kwa sukari. Kila kitonge kikawa pudingi ndogo kamili. Ukiziona utadhani zimepikwa kwa ajili ya wanasesere.

Vyangu alivitengeneza mwenyewe kutokana na mabaki ya kijipudingi changu, kwa bakuli safi na kijiko safi. "Wewe geuka huko uoshe vyombo," akaniambia. Nikaosha. Alipomaliza akanipa kiboksi kimefungwa uzi wa kijani.

"Usivile leo. Vile siku ya Mwaka Mpya, ukiwasikia wale wameingia."

"Kwa nini siku hiyo?"

"Kwa sababu utawasikia ukutani na utataka kutukana. Uwe na kitu kitamu mdomoni."

Siku ya Mwaka Mpya mvua ilikuwa inamwagika toka alfajiri, nusu yake barafu. Nikasikia gari, nikasikia mlango, nikasikia Philippa: "Mabakuli yote haya ya nini, jamani? Mtu mmoja!" Halafu mlio wa mfuko wa plastiki unafunguliwa. Halafu sauti ngeni, ya kijana, ikisema chumba kikubwa kina ukubwa gani na dirisha linatazama wapi. Sauti ya Enid sikuisikia kabisa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mwanamke mwenye sauti ya kushinda mashine, nyumbani kwake, kimya!

Nikajiwekea chai, nikafungua kiboksi changu. Kitonge kilichokaa juu kilikuwa kikubwa kuliko wenzake. Nikakitia chote mdomoni, nikauma kwa hasira zote za wiki ile, na gego langu likalia kama ukuni unaovunjwa gotini.

Nilitema kiganjani. Kulikuwa na chokoleti, damu kidogo, kipande cha jino, na peni sita.

Sikumbuki nilivaa viatu au la. Philippa baadaye aliwaambia watu kwamba niliingia na ndara, nywele wazi, damu mdomoni, na yawezekana. Nilipita mlango wa nyuma. Mezani kwa Enid palikuwa na karatasi za dalali na kalamu juu yake, na kando sahani ya vitonge ambavyo hakuna aliyevigusa. Enid ameketi mikono mapajani. Graham amesimama nyuma ya kiti chake kama mlinzi. Dalali, kijana wa tai na mashavu mekundu, alikuwa anaelekeza kipimo cha mwanga, cha kupimia vyumba, kwenye ukuta, ukuta wangu na Enid!

Nikaipiga sarafu juu ya karatasi zao.

"Neno ni langu," nikasema. "Mpaka jua lizame."

"Bi Hawa, tafadhali," akaanza Graham. "Nilishakwambia, haya ni mambo ya—"

"Halipingwi!"

Hakusema Enid. Alikuwa Lorraine. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, uso umemwiva, na nadhani sauti yake ilimshtua yeye mwenyewe kuliko sisi. "Sheria ya baba, Graham. Mwenye sarafu hapingwi. Mgeni pia."

"Lorraine, acha utoto."

"Neno langu ni moja," nikasema. "Mama yenu aulizwe anataka nini. Akijibu, jibu liwe jibu. Asije mtu akasema amechoka."

Graham akacheka, lile cheko lake la pembeni. "Yaani tunaamua habari ya nyumba kwa mchezo wa watoto."

"Bess alikuwa mchezo?" akauliza Enid.

Hakupaza sauti. Lakini Philippa akaacha kutia mabakuli kwenye mfuko.

"Ile ilikuwa tofauti, mama. Ile niliipata kihalali. Ilikuwa bahati yangu."

"Bahati." Enid akageuza kiti mpaka akamtazama. "Siku ile nani alikata pudingi?"

Graham akaitazama sarafu.

"Nilikusikia kwenye banda la makaa unalia, umemkumbatia yule mbwa. Wewe ulidhani hakuna anayejua. Sarafu niliitia mimi, na mahali nilipoitia nilipajua, na kisu nilikishika mimi. Mwaka Lorraine alipoogopa kumwambia baba yake hataki kazi ya kiwandani, nani aliipata? Lorraine. Mwaka baba yenu alipoumwa kifua na akaona haya kusema anataka kupumzika, nani aliipata? Baba yenu. Hakuna mwaka sarafu ile ilikwenda mahali nisipoipeleka. Umetembea na bahati yako maisha yako yote, Graham, unaisimulia kila mahali. Bahati yako ilikuwa mimi, nimesimama na kisu."

Dalali akakizima kipimo chake. Graham alitafuta pa kushika, akashika mgongo wa kiti kitupu, kisha akakaa. Mtu mzima yule, mwenye mvi, nilimwona mdomo unamcheza, na Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Baadaye kidogo labda. Siku ile hapana.

Lorraine akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, unataka nini?"

"Nataka nyumba yangu," akasema Enid. "Ngazi zikinishinda, kitanda kitashuka chini, sebule si ipo? Nikianguka nitagonga ukuta, Hawa atasikia. Anasikia hata nisiyotaka ayasikie. Nitakapotoka humu nitatoka nimebebwa. Philippa, rudisha mabakuli yangu kabatini. Makubwa chini, madogo juu. Na wewe, mwanangu," akamwambia dalali, "mama yako yuko hai?"

"Yupo, mama."

"Chukua kitonge, uende kwake. Leo ni Mwaka Mpya."

Kijana akachukua viwili, akaaga kwa adabu, akakimbilia mvuani.

Graham alikuwa bado ameinama. "Utaanguka, mama," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anaongea kama mtoto wa mtu. "Siku moja nitapigiwa simu."

"Utapigiwa," akasema Enid. "Hata ukinipeleka huko kwako, ipo siku utapigiwa."

Waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Philippa hakuaga. Graham alimbusu mama yake kichwani, haraka, na hakupiga simu mpaka Pasaka. Sikwambii kwamba amebadilika, kwa sababu sijui, na kusema kweli bado nikimwona taya linaniuma pale jino lilipokuwa. Lorraine siku hizi huja kila Jumamosi. Ndiye aliyeshusha kitanda.

Walipokwisha kuondoka tulikaa jikoni sisi wawili. Lorraine alikuwa sebuleni, anasukuma samani. Nimejikandamizia kitambaa chenye barafu shavuni, na hapo ndipo akili ikanirudia.

"Bi Enid," nikasema. "Sarafu ilikuwa kwenye pudingi kubwa. Nilikuona ukiitoa."

"Ndiyo."

"Vitonge vyangu vilitoka kwenye pudingi yangu ndogo. Bakuli lako safi, kijiko chako safi, nimegeukia vyombo."

"Ndiyo."

"Sasa iliingiaje kwangu?"

Akamimina chai, yangu kwanza. "Mpishi hashindani, Hawa. Ningempa Lorraine, angeificha mfukoni. Ningempa Graham, angeuza nyumba. Nikatafuta mwenye mdomo."

"Na mdomo wenyewe umeuvunja jino!"

Akanitazama, yale macho yake ya kijivu, hayana masihara hata kidogo.

"Jino watakutia jingine, mwanangu," akasema. "Mimi nyumba nyingine wangenitia wapi?"